Mgeni, Mlanguzi na Nusu Bei: Hadithi ya Tiketi za Thieta London na New York

Septemba mwaka 1599 kijana mmoja wa Kiswisi, umri miaka 25, mwanafunzi wa udaktari, alikuwa London kutembea tu. Siku hiyo alipomaliza chakula cha mchana, kama saa nane hivi, yeye na wenzake wakavuka mto Thames mpaka upande wa kusini, wakaingia kwenye jengo lililoezekwa kwa nyasi. Ndani walikuwa wanaigiza kifo cha Julius Caesar. Wataalamu wengi wanaamini kwamba ulikuwa mchezo wa Shakespeare, na jengo lilikuwa Globe, ambalo lilikuwa ndo kwanza limejengwa mwaka huohuo. Mchezo ulipoisha waigizaji wakacheza ngoma, na kijana akaona poa kabisa.

Kizuri zaidi ni kwamba jamaa aliandika bei. Ukitaka kusimama chini, peni 1. Ukitaka kukaa, unapita mlango mwingine na kutoa peni nyingine. Ukitaka kukaa juu ya mto, sehemu ambayo unaona kila kitu na watu nao wanakuona, unapita mlango wa tatu na kuongeza peni tena. Basi. Hakukuwa na karatasi ya tiketi, hakukuwa na namba ya kiti, hakukuwa na mtu wa kati. Unatoa hela mlangoni, unaingia. Mgeni kutoka Uswisi alilipa sawasawa na mtu aliyezaliwa mtaa wa pili.

Shikeni hapo wadau, kwa sababu hali hiyo haikudumu. Leo hii mtu akitua London au New York kwa siku tatu na anataka kuona mchezo mkubwa, anaweza kulipa dola 250 kwa kiti ambacho jirani yake amekipata kwa dola 90. Wote wanaona onyesho moja, wote wanacheka pamoja. Tofauti ni kwamba mmoja alijua mlango wa kuingilia na mwingine hakujua.

Sasa ili uelewe vita hii yote, ujue kwanza kiti cha thieta ni bidhaa ya namna gani. Muuza samaki pale Feri anaijua hesabu hii vizuri kuliko profesa. Samaki wa asubuhi ana bei yake, na samaki wa saa kumi na moja jioni ana bei nyingine, kwa sababu kesho hatauzika. Kiti cha thieta ni kibaya zaidi, maana hakuna hata barafu ya kukitunzia. Pazia likifunguliwa kiti kitupu, hela hiyo imekwenda, hairudi. Kwa hiyo mwenye ukumbi ana hofu moja, viti kubaki tupu. Mgeni naye ana hofu ya kwake. Ana usiku mmoja tu, keshokutwa ndege inaondoka. Katikati ya hofu hizo mbili ndipo wajanja walipojenga nyumba.

London ya miaka ya 1700 wenye hela walishaanza kuona tabu ya kugombania nafasi. Viti havikuwa na namba, kwa hiyo matajiri walituma watumishi wao mapema wakawakalie. Mtumishi anakaa pale saa nzima au zaidi, bosi anafika amevaa vizuri, mtumishi anasimama, bosi anakaa. Ndo foleni ya kulipia mtu ilivyoanza, kabla hata ya watu kujua kwamba inaweza kuwa biashara.

Lakini na mtu wa kawaida alikuwa na haki yake moja, na aliilinda kwelikweli. Maonyesho ya zama hizo yalikuwa marefu, usiku mzima karibu, mchezo mkubwa halafu na mwingine mdogo wa kuchekesha. Ikawa desturi kwamba ikifika mwisho wa sehemu ya tatu ya mchezo mkubwa, milango inafunguliwa na watu wanaingia kwa nusu bei. Karani aliyetoka kazini, fundi, kijana wa dukani, wote walikuwa wanasubiri saa hiyo. Mwaka 1763 wenye kumbi mbili kubwa za London, Drury Lane na Covent Garden, wakajaribu kuibana hiyo nusu bei. Watu hawakuandika barua. Walikwenda ukumbini, wakapiga kelele mpaka mchezo ukasimama, wakang'oa mabenchi, wakavunja taa. Drury Lane wakasalimu amri haraka. Covent Garden wakakaza shingo, wakalipa kwa hasara kubwa zaidi, mwisho nao wakakubali.

Ungedhani somo lilieleweka. Wapi.

Septemba 1808 ukumbi wa Covent Garden uliungua moto. Wakaujenga upya, na ulipofunguliwa tarehe 18 Septemba 1809 watu wakakuta bei mpya. Kiti cha chini kimetoka shilingi 3 na peni 6 mpaka shilingi 4. Kiti cha kwenye vibanda vya pembeni kimetoka shilingi 6 mpaka shilingi 7. Unaweza kusema, eti peni 6 tu! Lakini hasira haikuwa ya peni 6 peke yake. Ghorofa nzima ilikuwa imegeuzwa vyumba binafsi vya matajiri vya kukodi kwa mwaka mzima, na wale wa bei ya chini wakasukumwa juu kabisa, karibu na dari. Kutoka kule, mteremko ulivyokuwa mkali, walikuwa wanaona miguu ya waigizaji na si zaidi.

Usiku wa ufunguzi mchezo ulikuwa Macbeth. Hakuna aliyesikia neno. Watu walizomea mwanzo mpaka mwisho, wamegeuzia jukwaa mgongo. Mahakimu wakapanda jukwaani kusoma sheria ya kutawanya ghasia, nao wakazomewa. Usiku uliofuata hivyohivyo. Na uliofuata. Watu walikuja na kengele, tarumbeta, manyanga na mabango yaliyoandikwa herufi mbili tu zilizomaanisha "bei ya zamani". Wakabuni mpaka ngoma yao ya kukanyaga mabenchi. Na hapa kuna utamu wake: waandamanaji wengi waliingia saa ya nusu bei! Yaani wanakwenda kupinga bei kubwa kwa kutumia tiketi ya bei ndogo. Uongozi ukakodi mabondia wa kulipwa waje kutuliza watu. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa hata wale waliokuwa kimya wakakasirika.

Mambo yakaenda hivyo kwa usiku 67. Mwezi Desemba meneja, ambaye mwenyewe alikuwa mwigizaji mkubwa wa Uingereza na ndiye aliyekuwa Macbeth usiku ule wa kwanza, akaomba radhi. Kiti cha chini kikarudi shilingi 3 na peni 6. Vibanda vikabaki shilingi 7. Nusu ushindi, lakini ushindi.

Sasa angalia kitu. Waliogoma walikuwa ni wenyeji. Waliweza kurudi usiku 67 kwa sababu walikuwa wanaishi pale. Mgeni hawezi kugoma. Mgeni akikuta bei kubwa analipa au anaenda kulala. Wafanyabiashara wa Marekani walilielewa hili upesi mno.

Desemba 1867 Charles Dickens alifika New York kusoma hadithi zake jukwaani. Tiketi ilikuwa dola 2. Usiku wa baridi kali, kabla dirisha halijafunguliwa, foleni ilishajaa watu waliolala nje na magodoro na mablanketi. Wengi wao hawakuwa na mpango wowote wa kumsikiliza Dickens. Walikuwa vibarua wa walanguzi, wamelipwa wasimame, wanunue, wakabidhi. Asubuhi wapenzi wa vitabu wanafika wamenyoosha suti zao, dirishani zimebaki tiketi za nyuma kabisa, na kule nje kuna jamaa anauza za mbele kwa mara kadhaa ya bei. Yeyote aliyewahi kutafuta basi la Moshi wiki ya mwisho ya Desemba anaijua sura ya jamaa huyo.

Baada ya hapo mlanguzi akahama kutoka barabarani, akavaa tai na kuingia hotelini. New York ilikuwa inapokea wageni kwa treni kutoka kila jimbo, wafanyabiashara waliokuja kununua mali, maharusi waliokuja fungate. Wakala wa tiketi wakaweka meza zao kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli kubwa. Mgeni anashuka ngazi, anauliza, anapewa viti viwili vizuri vya usiku uleule, bei imeongezwa. Hajui ukumbi uko wapi wala dirisha linafungwa saa ngapi, kwa hiyo analipa na kushukuru. Viti vile vilitoka wapi? Mara nyingi vilitoka kwa mtu wa dirishani mwenyewe, aliyevitoa kwa mlango wa nyuma na kupewa chake. Pale Broadway hela hiyo ya chini kwa chini ilikuwa na jina la mtaani, waliiita "barafu".

Jimbo la New York likatunga sheria kwamba muuzaji wa mkono wa pili asizidishe zaidi ya senti 50 juu ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi. Wakala wakaenda mahakamani, kesi ikafika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1927 majaji 5 dhidi ya 4 wakaitupa sheria hiyo. Hoja yao ilikuwa kwamba thieta ni biashara binafsi, si huduma ambayo umma hauwezi kuishi bila hiyo, kwa hiyo serikali haina ruhusa ya kuipangia bei. Jaji mmoja tu angegeuka, mambo yangekuwa mengine.

Lakini wakati walanguzi wanapandisha, kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anashusha, na huyu ndiye mtamu wa hadithi nzima. Alikuwa mhamiaji kutoka Hungary mwenye kiduka cha tumbaku Manhattan. Enzi zile kumbi zilibandika matangazo kwenye madirisha ya maduka, na mwenye duka alipewa tiketi za bure kama shukrani. Jamaa akagundua kwamba wenye maduka wengi hawana habari na thieta. Wana watoto, wana uchovu, tiketi zinaozea kwenye droo. Akaanza kupita dukani kwa mtu mmoja mmoja akizinunua kwa hela kidogo, halafu anaziuza kwake kwa bei ya chini kuliko ya dirishani. Wenye kumbi walikasirika mwanzoni. Baadaye wakafikiri vizuri. Kiti kitupu si kitupu tu, kinamkatisha tamaa hata mwigizaji. Wakaanza kumpelekea wenyewe tiketi zilizododa. Biashara ikahamia chini ya duka la dawa kwenye kona ya Broadway na mtaa wa 43, na jioni watu wakajazana pale chini kusubiri bei ishuke.

Alifariki mwaka 1931. Wazo lake likarudi mtaani kwa nguvu mpya mwaka 1973.

New York ya mwaka huo si hii unayoiona kwenye picha. Times Square ilikuwa na sinema za uchi, madawa na vibaka. Watu wa vitongojini walikuwa wanaogopa kuja mjini usiku, na kumbi nyingi zilikuwa zinafungua pazia mbele ya viti vitupu. Shirika moja lisilo la faida, lililoanzishwa 1968 kusaidia thieta, likapewa kipande cha uwanja mtaa wa 47. Hawakuwa na hela ya kujenga. Wakaegesha trela, wakalizungushia mabomba na turubai lenye herufi nne kubwa, TKTS, na tarehe 25 Juni 1973 wakafungua dirisha. Utaratibu ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hata mgeni wa siku moja anauelewa. Kumbi zinaleta viti ambavyo havijauzwa kwa ajili ya leo, majina yanaandikwa ubaoni, wewe unapanga foleni na kununua kwa nusu bei pamoja na ada ndogo ya huduma. Leo tu. Ukichelewa, basi.

Wapo waliokuwa na wasiwasi. Walisema kuonekana ubaoni ni kama kutangaza kwamba mchezo wako umedoda, na kwamba watu wataacha kununua kwa bei kamili. Kilichotokea ni kwamba kibanda kikawavuta watu ambao wasingekuja kabisa. Na wengi wao wakawa wageni! Kwa mara ya kwanza tangu zile peni za 1599, mtu aliyeshuka kwenye ndege jana alipewa bei ileile anayopewa mwenyeji, na kitu pekee alichodaiwa zaidi ni kusimama saa moja juani.

London hawakuchelewa sana. Mwaka 1980 chama cha wenye kumbi kikafungua kibanda chake cha nusu bei Leicester Square. Lakini wajanja nao hawakulala. Pembeni ya uwanja yakachipua maduka yenye mabango makubwa ya "nusu bei", "punguzo", "ofisi rasmi", na mgeni asiyejua anaingia la kwanza analoliona. Baadhi ni halali kabisa na yana viti vizuri. Mengine ada yake inakula lile punguzo lote. Kibanda chenyewe kimesimama peke yake uwanjani, kwenye jengo lenye saa, na mpaka leo watu wanakipita wakiwa na tiketi za ghali mkononi.

Kule New York, mwaka 1996, ukatokea mchezo wa kuimba unaoitwa Rent, unaohusu vijana maskini wanaoshindwa kulipa kodi. Wenye mchezo wakaona aibu kwamba vijana wenyewe hawawezi kuingia. Wakatenga safu mbili za mbele kabisa kwa dola 20 kila usiku, anayewahi ndo anapata. Vijana wakahamia barabarani. Walilala kwenye lami, mvua inanyesha, wakawa na familia yao ya foleni. Ilipozidi kuwa hatari wakabadilisha, majina yakawekwa kwenye bahati nasibu. Mtindo huo ukaenea Broadway yote, na Hamilton ilipokuja mwaka 2015 bahati nasibu yake ilikuwa dola 10 tu.

Ila usidanganyike na hiyo dola 10. Hamilton hiyohiyo mwaka 2016 ilipandisha viti vyake vya juu mpaka dola 849. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2001, baada ya mchezo wa The Producers kupendwa kupita kiasi. Bei ya juu ya kawaida ilikuwa dola 100, walanguzi wakawa wanauza kwa mamia. Wenye mchezo wakajiuliza, kwa nini hela hii aile mtu wa nje? Wakaweka viti vyao wenyewe vya dola 480. Kwa maneno mengine, mlanguzi hakushindwa, aliigwa. Leo kompyuta inapandisha na kushusha bei kama nauli ya ndege, na wiki ya Krismasi, mji ukiwa umejaa wageni, unajua inaelekea wapi.

Walanguzi wenyewe nao wakaacha magodoro, wakachukua programu za kompyuta zinazonunua mamia ya viti kabla binadamu hajamaliza kuandika jina lake. Desemba 2016 Marekani ikapitisha sheria ya taifa zima kuzipiga marufuku. Programu bado zipo. Na kabla ya hapo, mwaka 2007, New York ilishaondoa ukomo wa bei kwa wauzaji wa mkono wa pili, kwa hiyo tiketi ya dola 120 inaweza kuuzwa dola 500 na hakuna polisi anayehusika. Mgeni akiandika jina la mchezo kwenye simu yake, mara nyingi tovuti ya kwanza kutokea ni ya muuzaji wa aina hiyo, imepambwa ikafanana na ya ukumbi wenyewe. Ile meza ya hotelini imehamia mfukoni.

Kinachochekesha ni kwamba dirisha la zamani bado lipo. Ukumbi karibu kila mmoja wa Broadway una dirisha lake upande wa barabarani, mtu yupo ndani mchana kutwa, na ukinunua pale unakwepa ada ambazo mtandaoni zinaongezwa juu ya bei. Asubuhi hiyohiyo kumbi nyingi zinatoa viti vichache vya bei chee kwa wanaowahi. Wenyeji wanajua. Wageni wanapita wakiwa wamekodolea simu.

Na TKTS ipo palepale mtaa wa 47. Tawi lake la kwenye jengo la World Trade Center lilikwenda na jengo lenyewe Septemba 2001, lakini lile la Times Square lilijengwa upya mwaka 2008, na juu yake zikawekwa ngazi 27 za kioo chekundu ambazo watu wanakaa kupiga picha bila hata kujua kwamba chini ya makalio yao kuna duka. Kuna foleni ndefu ya michezo ya kuimba, na kuna dirisha la pembeni kwa michezo ya maneno matupu ambalo foleni yake ni fupi sana.

Mtu wa huku kwetu akisimama chini ya ubao ule, jina analolitafuta mara nyingi ni moja. The Lion King ilianza Broadway Novemba 1997 na London mwaka 1999, na kote huko bado inaendelea. Inafungua kwa Kizulu, halafu wanaanza kuitana Simba, Rafiki na Pumbaa, na ukumbi mzima wa Wazungu unaitikia hakuna matata kama vile wamezaliwa Tanga. Anasogea, anasoma ubao juu mpaka chini, anasoma tena. Haipo. Mchezo huo hujaa wenyewe, si kawaida kuukuta kwenye nusu bei. Anayeutaka anatembea mitaa miwili kushuka, anaingia kwenye mlango wa ukumbi na kumuuliza mtu wa dirishani kama kuna kiti kimoja cha leo.